Mwongozo Kamili wa Kusubu Alumini kwa Kalibu ya Chuma: Kutoka Skrepa hadi Kitako cha Taa ya Dagaa

Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria wameziacha kwa wingi karabai na kuhamia taa za LED zinazotumia betri, na mabadiliko hayo yameleta kazi mpya kwa mafundi wa Mwanza. Taa ya LED haipendi joto. Joto lake hutoka nyuma ya balbu, na lisipoondolewa haraka mwanga hufifia na balbu hufa kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo kitako cha taa bora hutengenezwa kwa alumini, kikiwa na mapezi ya kupozea upande wa nyuma na ukingo ulionyooka wa kukalia kioo na gaskiti, yaani pete ya kuzibia, bila kupitisha maji.

Kitako cha namna hiyo kinaweza kusubiwa katika mchanga, kama yanavyosubiwa masufuria mengi katika karakana zetu, lakini mchanga huacha uso wenye chenga, vipimo hubadilika kutoka kipande kimoja hadi kingine, na kila kipande hudai kutengenezewa umbo upya. Anayetaka vipande mia tatu vinavyolingana atafute njia nyingine. Njia hiyo ni kalibu ya kudumu, yaani umbo lililochongwa ndani ya chuma, linalofunguliwa na kufungwa tena na tena. Mwongozo huu unaeleza kwanza jinsi viwanda vikubwa vinavyofanya kazi hiyo kwa mashine za shinikizo, kisha unafuata hatua kwa hatua njia ndogo ya kumimina kwa mkono, ambayo karakana ya Nyakato au Igoma, vitongoji vya Mwanza, inaweza kuimudu.

Mashine ya shinikizo inavyofanya kazi

Katika kiwanda kikubwa kalibu huwa na nusu mbili za chuma kigumu cha kutengenezea zana, mara nyingi cha aina ya H13 chenye kromiamu ya takriban asilimia 5, kwa kuwa chuma hicho huvumilia kupashwa na kupozwa maelfu ya mara. Nusu moja hufungwa mahali pasiposogea na nyingine husogezwa na mkono wa haidroliki. Uji wa metali husukumwa na pistoni kuingia katika nafasi iliyopo kati ya nusu hizo, huganda kwa sekunde chache, kalibu hufunguliwa, na pini za kusukumia hukitoa kipande.

Mashine hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ina chumba cha moto: pistoni na shingo ya kusukumia vimezama ndani ya chungu chenye metali iliyoyeyuka, kwa hiyo kazi huenda haraka sana. Aina hii hutumika kwa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Sentigredi na haishambulii sana chuma. Alumini haikubaliki humo. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 na ina tabia ya kula chuma kinachozama ndani yake, hivyo hutumia aina ya pili, ya chumba baridi, ambamo uji huchotwa kwa upawa kutoka kwenye tanuri lililo kando na kumiminwa katika bomba la kusukumia kila mara kipande kinapohitajika.

Msukumo wa alumini una awamu tatu. Pistoni huanza polepole ili hewa iliyomo bombani itangulie kutoka. Kisha huongeza kasi ghafla, na uji hupita kwenye mlango mwembamba kwa mwendo wa mita 30 hadi 60 kwa sekunde, ukajaza kalibu nzima kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwishowe shinikizo huongezwa ili kulisha sehemu zinazosinyaa wakati wa kuganda.

Nguvu ya kufunga ndiyo inayofanya mashine hizi ziwe ghali. Tuchukue kitako chetu chenye kipenyo cha milimita 120: pamoja na mifereji yake, eneo linalokabili shinikizo ni kama sentimita 150 za mraba. Shinikizo la megapaskali 60 ni sawa na takriban kilo 610 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo nguvu inayotaka kuitenganisha kalibu inapita tani 91, na mwenye busara atachagua mashine ya tani 120 au zaidi. Ukijumlisha na bei ya kuchonga kalibu ya H13, hesabu hiyo haiwezi kulipwa na vipande mia tatu. Hulipwa na makumi ya maelfu.

Jambo moja zaidi kuhusu mashine hizo, kwa kuwa wengi hudhani kilichotoka kwenye shinikizo kubwa ni bora kwa kila namna: kasi ile ya kujaza hunasa hewa ndani ya kipande. Ndiyo maana vipande vya kawaida vya shinikizo havichomelewi vizuri wala havipashwi joto kali ili kuongeza ugumu, kwani gesi iliyonaswa hutanuka na kuvimbisha uso. Kumimina kwa mkono katika kalibu ya chuma ni kazi ya polepole, lakini ikifanywa vizuri huzaa kipande kilichoshikamana zaidi.

Hatua ya kwanza: chora kipande kinachokubali kutoka

Kosa la kawaida ni kuchukua taa ya dukani na kuinakili jinsi ilivyo. Taa ile pengine ilisubiwa kwa shinikizo, ikiwa na ukuta wa milimita 2, na ukuta huo haujai kwa kumiminwa. Kwa mkono, anza na milimita 4 au 5, na uzito wa kitako chetu utakuwa karibu gramu 430. Kuta zilingane unene kadiri iwezekanavyo, na pale pembe mbili zinapokutana kwa ndani weka mviringo wa angalau milimita 3. Pembe kali huwa ndiyo mahali kipande kinapopasukia kikiwa bado cha moto.

Kila uso unaofuata mwelekeo wa kufungua kalibu upewe mteremko. Digrii 2 zinatosha kwa nje. Kwa ndani weka 3 au zaidi, kwa sababu alumini ikipoa husinyaa na kuukumbatia mwili wa chuma ulio ndani yake. Mapezi ya kupozea ndiyo yenye matata kuliko sehemu nyingine zote: yawe mapana chini na membamba juu, yasizidi urefu wa milimita 20 kwa kalibu ya kwanza, na yote yaelekee upande mmoja.

Ongeza pia vipimo kwa ajili ya kusinyaa. Fundi aliyezoea mchanga huongeza takriban asilimia 1.3, lakini kalibu ya chuma yenyewe hutanuka inapopashwa, kwa hiyo asilimia 1 inakaribia ukweli. Katika kipenyo cha milimita 120 hiyo ni milimita 1.2. Mahali patakapokaa gaskiti paongezewe milimita moja na nusu ya kukerezwa baadaye, maana hakuna kalibu ya mkono inayotoa uso wa gaskiti ulionyooka moja kwa moja.

Hatua ya pili: tengeneza kalibu

Kwa vipande mamia au elfu chache, chuma cha kusubu cha kijivu ndicho chaguo zuri: hakipindi upesi kwa joto na huchongeka kirahisi. Chuma laini cha kawaida nacho hufaa, ila hujikunja mapema. Unene wa kuta za kalibu uwe milimita 25 au zaidi, ili joto lisambae badala ya kukusanyika mahali pamoja.

Nusu mbili ziunganishwe kwa bawaba kama kurasa za kitabu, na ziwe na pini mbili za kuelekeza ili zikutane palepale kila zinapofungwa. Mfereji wa kuingizia uji upitie ubavuni na mlango wake ufunguke chini ya kipande, si juu. Sababu yake inastahili kueleweka, kwa kuwa ndiyo siri ya nusu ya kazi hii. Uso wa alumini iliyoyeyuka umefunikwa daima na ngozi nyembamba ya oksidi. Uji ukienda kwa mwendo unaozidi takriban nusu mita kwa sekunde, ngozi hiyo hujikunja na kuzama ndani, na kila kunjo hubaki kama ufa ambao hautaonekana hadi siku maji yatakapopenya. Uji ukianguka milimita 13 tu, tayari umefikia mwendo huo. Anayemimina kutoka juu kwa kimo cha kiganja anajaza kipande chake nyufa.

Njia ya kuukwepa ushetani huo ni kuijenga kalibu juu ya fremu inayoinama. Kikombe cha kumiminia hujazwa kalibu ikiwa imelala, kisha fundi huisimamisha taratibu kwa wenzo, na uji huteleza ndani bila kuanguka. Fremu hiyo huhitaji bomba mbili na beringi mbili za kawaida, gharama ndogo kuliko vipande kumi vilivyoharibika.

Juu ya sehemu nene weka kikombe cha kulishia. Alumini hupungua ujazo inapoganda, ile safi kwa takriban asilimia 6, na upungufu huo lazima ujazwe na uji kutoka mahali fulani. Kikombe kiwe kinene kuliko sehemu kinayoilisha ili kigande mwisho. Kwa ajili ya hewa, piga mistari ya kina cha milimita 0.2 kwenye uso ambapo nusu mbili zinakutana, hasa kwenye ncha za mapezi. Hewa hupita humo, uji haupiti.

Hatua ya tatu: chagua skrepa kwa macho makali

Skrepa zote za alumini hung'aa sawa baada ya kusuguliwa, ila hazisubiki sawa. Zinazofaa ni zile ambazo zenyewe zilizaliwa kwa kusubiwa: pistoni za injini, silinda hedi, kasha la gia na rimu za magari. Ndani yake mna silikoni, ambayo huufanya uji utiririke na kupunguza kusinyaa. Mchanganyiko wenye silikoni ya karibu asilimia 12 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 577 tu. Rimu zinafaa zaidi kwa taa ya ziwani kwa sababu kwa kawaida hazina shaba nyingi, na shaba ndani ya alumini huharakisha kuliwa na maji. Fremu za madirisha na nyaya za umeme hutiririka vibaya na kupasuka ndani ya kalibu. Makopo ya soda hugeuka taka kwa sehemu kubwa.

Pistoni zitolewe ringi na pini, maana chuma kikiyeyukia ndani huzaa sindano ngumu zinazokifanya kipande kivunjike kirahisi. Kuwa macho na zinki, ambayo hufanana na alumini ila ina uzito zaidi ya mara mbili kwa ukubwa uleule; kabureta nyingi ni za zinki, na ikipashwa kupita kiasi hutoa moshi mweupe unaoleta homa. Magnesi nayo hujificha katika baadhi ya makasha ya misumeno na pikipiki. Kwangua, dondosha siki: magnesi itatoa povu, alumini itakaa kimya. Magnesi ikishika moto huzimwa kwa mchanga mkavu, kamwe si kwa maji.

Na kwa kuwa karakana moja mara nyingi hufanya kazi zote, niseme hili kando: skrepa ya mchanganyiko wa namna hii isitumike kwa masufuria. Madini ya risasi kutoka kwenye vipande visivyojulikana huingia katika chakula, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Hatua ya nne: yeyusha, kisha ondoa gesi

Kabla ya lolote, maji. Kiasi kidogo cha maji kikinaswa chini ya uji wa alumini hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na kinachotokea ni mlipuko unaorusha metali ya moto hadi darini. Katika masika, kati ya Machi na Mei, skrepa iliyolala nje huwa na maji katika kila tundu hata kama uso wake umekauka. Ipangwe juu ya ukingo wa tanuri hadi iwe moto wa kutoshikika kabla ya kuingia kwenye chungu. Miiko ya kukorogea, upawa na kalibu za kumwagia mabaki vipashwe vivyo hivyo. Kitu chochote kilichozibwa pande zote, kama shokabu, kikatwe kwanza.

Sakafu ya mahali pa kumiminia ifunikwe mchanga mkavu, kwa sababu zege nalo huhifadhi unyevu na huruka vipande likimwagikiwa. Fundi avae viatu vya ngozi, suruali ya pamba iliyoshuka nje ya viatu, aproni na glavu za ngozi, na kinga ya uso. Nguo za nailoni huyeyukia mwilini. Karakana yoyote yenye wafanyakazi inapaswa pia kusajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003.

Chungu cha grafiti ni bora kuliko mtungi wa gesi uliokatwa, ambao huliwa na alumini kidogokidogo hadi utoboke. Asiyekuwa na chungu cha grafiti apake mtungi wake udongo mweupe ndani na kuukausha kabla ya kila kuyeyusha. Mkaa wenye feni au jiko la oili chafu vyote huleta joto linalotosha. Tatizo la mafundi wengi ni kuzidisha. Lenga nyuzi 700 hadi 740, na usikisie kwa rangi, kwa kuwa alumini kwenye mwanga wa mchana haionyeshi wekundu wa maana. Nunua kipimajoto cha waya cha aina K. Bunduki za infraredi hudanganywa na uso unaong'aa na kusoma chini mno.

Uji wa moto hunywa haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa na moshi wa moto, na kadiri joto linavyopanda ndivyo unavyokunywa zaidi. Unapoganda, uwezo wa alumini wa kushika gesi hiyo hushuka karibu mara ishirini, na haidrojeni iliyokosa nafasi hubaki kama vitundu. Dawa iliyo rahisi kupatikana ni agoni inayotumiwa na wachomeleaji wa alumini. Ipitishwe kwa bomba kavu la grafiti hadi chini ya chungu, viputo vidogovidogo kwa dakika tano hadi kumi, bila kuuchafua uso wa juu. Kisha ondoa taka zilizoelea na usikoroge tena.

Kipimo cha kuthibitisha hakina gharama. Mimina uji kiasi cha kikombe cha kahawa ndani ya kikopo kidogo cha chuma kilichopashwa, uache ugande polepole, na utazame uso wake. Ukivimba katikati na kutoa vitundu kama chapati inayoiva, gesi bado imo. Ukibonyea na kubaki laini, uji uko tayari.

Hatua ya tano: pasha na upake kalibu

Kalibu isiyopakwa hushikana na alumini. Rangi ya kuipaka ni poda ya talki iliyochanganywa na maji na silikati ya sodiamu kidogo ya kuishikiza. Pasha kalibu hadi nyuzi 180 hivi na upulize rangi kwa bunduki ndogo. Hapa jicho hufanya kazi kuliko kipimo: joto likiwa sawa, kila tone hukauka papo hapo na uso hubaki na weupe usiong'aa, kama kitambaa cha kaniki kilichopigwa vumbi, kalibu ikiwa baridi rangi huteremka kwa michirizi, ikiwa moto kupita kiasi matone huruka na kuacha madoa ya unga yanayofutika kwa kidole.

Unene wa rangi ndio usukani wa kuganda. Kwenye mfereji na kikombe cha kulishia paka nene, ili joto lichelewe kutoka. Kwenye mapezi paka kiasi cha kuruhusu uji ufike ncha. Kwenye shina nene paka nyembamba yenye grafiti, ili pagande mapema. Baada ya hapo endelea kuipasha kalibu hadi nyuzi 300 au 350.

Hatua ya sita: mimina

Vipande vitatu au vinne vya mwanzo ni vya kuipasha kalibu na hurudi kwenye chungu, usivihesabu. Chota uji kwa kusukuma ngozi ya juu pembeni kwa mgongo wa upawa, jaza kikombe cha kumiminia, na inamisha fremu kwa mwendo mmoja usiosita wa sekunde nne hadi sita. Kusita katikati huacha mstari wa pande mbili zilizokutana baridi bila kuungana.

Ukuta wa milimita 5 huhitaji kati ya sekunde 30 na 60 kabla ya kufungua. Mapema mno, kipande hupinda. Ukichelewa mno hukumbatia nusu ya ndani na hakitatoka bila kupigwa nyundo. Saa ya ukutani inafaa kuliko hisia, na mtu mmoja apewe kazi ya kuitazama, kwa kuwa vipande vinavyolingana hutokana na mizunguko inayolingana: muda uleule, joto lilelile, kiasi kilekile cha uji. Kamwe usipoze kalibu kwa kuimwagia maji ili kuharakisha. Nyufa ndogo kama wavu zitatokea usoni na kuhamia kwenye kila kipande kinachofuata.

Hatua ya saba: kata, kagua, jaribu

Kata mifereji kwa msumeno kipande kikiwa kimepoa, kisha kereza ukingo wa gaskiti. Chukua kimoja katika kila ishirini, ukikate katikati, na usome vitundu. Vya mviringo vyenye ndani inayong'aa ni gesi: rudi hatua ya nne. Vyenye kingo za kuchongoka vilivyojikusanya penye unene ni kusinyaa: ongeza kikombe cha kulishia au punguza rangi mahali hapo. Mapezi yasiyojaa ni kalibu baridi au tundu la hewa lililoziba kwa rangi, na mara nyingi ni hilo la pili.

Vyote vilivyobaki vijaribiwe kuvuja, kwa maana taa hii itaelea usiku kucha juu ya maji. Funga ukingo kwa bamba na gaskiti, ingiza hewa ya shinikizo dogo, robo ya baa inatosha, na uzamishe katika beseni kwa dakika moja. Kiputo kimoja kinachojirudia ni sababu ya kukirudisha kipande kwenye chungu. Marejesho hayo, pamoja na mifereji iliyokatwa, yasizidi nusu ya kila kuyeyusha, kwa kuwa kila safari motoni huongeza oksidi na chuma ndani ya uji.